SOMO: Umeme wa gari la kulala porini, hasa siku gari likisimama

Wakuu, habari za kazi. Naona wengi wetu hapa Arusha na Moshi tumeanza kuandaa magari ya familia kwa safari za kulala porini: hema juu ya paa, friji nyuma, taa mbili tatu, paneli ya sola. Swali linaloulizwa kila mara ni ninunue paneli ya wati ngapi. Mimi naomba tuanzie mbali kidogo.

Ukitoka Arusha alfajiri ukapita Mto wa Mbu, Karatu, geti la Lodoare hadi Ndutu, altaneta (jenereta inayozungushwa na injini) inachaji mchana kutwa. Jioni mfumo wowote utaonekana mzima, hata uliofungwa ovyo. Mtihani unakuja siku ya pili na ya tatu, pale mnapoamua kutulia kambini. Gari limezimwa, watoto wanafungua friji kila dakika, na kambi maalumu za hifadhini (special campsites) hazina soketi, maji wala choo. Mfumo wako upange kwa ajili ya siku hiyo.

Hatua ya 1: Hesabu unachokula kabla ya kununua chochote

Zidisha volti kwa ampea upate wati, kisha zidisha wati kwa saa upate wati-saa (Wh). Mfano wa familia ya watu wanne:

Friji ya kompresa ya volti 12 inavuta kama wati 45 ikiwa inafanya kazi. Haifanyi kazi muda wote; penye joto inaweza kukimbia nusu ya siku, yaani saa 12. Hiyo ni Wh 540. Taa mbili za LED za wati 5 kwa saa nne ni Wh 40. Simu nne, Wh 60. Betri mbili za kamera, Wh 30. Laptopu kuchaji mara moja, Wh 60. Pampu ya maji ya kuogea ikitumika dakika kumi haifiki hata Wh 10.

Jumla ni kama Wh 740. Ongeza kidogo kwa ajili ya upotevu wa njiani, sema Wh 850 kwa siku, sawa na ampea-saa (Ah) 70 hivi kwenye betri ya volti 12. Angalieni friji peke yake imechukua kiasi gani. Mtu anazima taa watu wale gizani ili kuokoa umeme, huku friji imebanwa kati ya mabegi haipumui. Hapo hajaokoa kitu.

Hatua ya 2: Shughulika na friji

Hapa ndipo nataka mkae kwa muda, kwa sababu ndipo penye faida kubwa na gharama yake ni ndogo.

Usiku wa kuamkia safari iwashe nyumbani kwa umeme wa TANESCO, ukiijaza vitu vilivyokwisha kupoa. Chupa 12 za maji za lita moja zikiwa na nyuzi 30, ili zifike nyuzi 5 friji inatakiwa kuondoa joto la karibu Wh 350. Kompresa haitumii umeme wote huo, kwa kuwa inahamisha joto tu, lakini itakimbia saa nyingi mfululizo. Kazi hiyo ifanywe na umeme wa nyumbani. Ukinunua maji njiani Karatu, weka machache kwa zamu, na uyaweke jioni kukishapoa.

Pili, friji inatoa joto kupitia matundu yake ya pembeni. Acha nafasi ya kiganja upande huo. Gari lililofungwa vioo juani linakuwa tanuri, na friji iliyomo ndani haitazima kabisa. Fungua madirisha kidogo, tanda turubai upande wa jua, na uipange friji kabla ya safari ili kila mtu ajue soda ziko wapi bila kuchungulia.

Tatu, usiiweke nyuzi sifuri kama huna nyama mbichi. Nyuzi 4 au 5 zinatosha kwa maziwa, mboga na vinywaji. Mahali pia panabadili hesabu: kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, iko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku friji inapumzika sana. Shuka Ziwa Natron au Eyasi, utaiona inakimbia mchana wote.

Hatua ya 3: Betri ya pili, mbali na ya kuwashia gari

Friji isiguse betri ya stata. Funga betri ya pili. Kama ni ya risasi, iwe ya maji au AGM (iliyozibwa, isiyoongezwa maji), panga kutumia nusu yake tu, kwa sababu ukiikausha mara kwa mara inakufa mapema. Betri mbili za Ah 100 zinakupa Ah 100 za kutumia, yaani kama Wh 1,200. Kwa familia yetu hiyo ni siku moja na nusu bila jua.

Betri ya lithiamu ya Ah 100 unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi, karibu Wh 960, na uzito wake ni kilo 12 hivi, wakati ya risasi inakaribia 30. Kwa Land Cruiser iliyokwisha beba hema, maji na madumu ya mafuta, kilo hizo zina maana. Bei ni kubwa, lakini inadumu. Ukipenda betri ya maji, iwe sehemu yenye hewa, kwani inapochaji hutoa gesi inayoweza kuwaka.

Hatua ya 4: Waya

Friji nyingi zinazozimika usiku hazina tatizo la betri. Tatizo ni waya. Chukua waya wa milimita 1.5 (za mraba, ndivyo unene wa waya unavyotajwa) kutoka mbele hadi nyuma, mita 4 kwenda na 4 kurudi. Friji ikivuta ampea 5, karibu nusu volti inapotea njiani. Betri ina 12.2, friji inaona 11.7, inajilinda na kujizima. Mwenye gari anakimbilia kununua betri nyingine. Badilisha uweke waya wa milimita 6, upotevu unashuka hadi kama volti 0.12, na friji ile ile inafika asubuhi.

Waya wa kuchaji kutoka altaneta unahitaji unene zaidi. Kwa ampea 30 na umbali huo huo, milimita 4 inapoteza volti nzima. Milimita 16 inapoteza robo tu. Fundi akikwambia "huu unatosha mkuu", mwombe apime volti kwenye vichwa vya betri zote mbili gari likiwa linachaji. Mita haina maneno mengi.

Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, sentimita 20 au pungufu, na kama waya unaunganisha betri mbili, weka fyuzi kila upande. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya usiwake moto, kwa hiyo ukubwa wake ufuate unene wa waya. Gari likiungua porini hakuna zimamoto wa kumpigia.

Soketi ya kiberiti cha sigara iache kwa simu. Ile barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda geti la Naabi inatetemesha kila kitu, na plagi ya friji inachomoka bila mtu kujua. Tumia plagi ya kufunga kwa skrubu. Mkifika kambini, kagua nati za vichwa vya betri kwa mkono kabla ya kufungua hema.

Hatua ya 5: Kuchaji ukiwa njiani

Kwa magari ya zamani, rilei ya kutenganisha betri (swichi inayoziunganisha injini ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa) inafanya kazi vizuri kwa betri za risasi. Kwa lithiamu, au gari jipya ambalo kompyuta yake hushusha chaji ya altaneta, weka chaja ya DC kwenda DC, inayodhibiti umeme wa altaneta kabla haujaingia betri ya pili. Ya ampea 30 ikifanya kazi saa mbili inarudisha karibu Ah 60.

Lakini betri ya risasi hupokea haraka hadi kama asilimia 80, halafu inapunguza kasi, na ile sehemu ya mwisho inataka saa kadhaa. Mizunguko mifupi ya kuangalia wanyama, gari likizimwa kila mkikuta simba, haitaijaza kamwe. Sola ndiyo inamalizia, polepole, mchana kutwa. Kuacha injini inaunguruma kambini ili uchaji ni kupoteza dizeli, maana altaneta kwenye mzunguko wa chini haitoi nguvu yake yote.

Hatua ya 6: Sola

Sisi tuko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta. Paneli iliyolala bapa juu ya paa inatosha. Hata Juni, jua likiwa limehamia kaskazini, saa sita mchana unapoteza kama asilimia 10 tu. Acha upenyo chini yake hewa ipite, kwa kuwa paneli ikichemka inatoa kidogo.

Paneli za wati 200, siku ya jua zuri, zitakupa kama Wh 700. Siku ya mawingu mazito, chini ya 250. Rudi kwenye hesabu yetu ya Wh 850: kwenye jua mnapungukiwa 150 tu, na betri mbili za risasi zinabeba siku nyingi. Kwenye mawingu mnapungukiwa 600, na siku ya pili jioni mmeisha. Masika, yaani Machi hadi Mei, pangeni kwa hesabu ya mawingu. Miteremko ya Meru na Kilimanjaro mwezi Juni na Julai nayo hufunikwa asubuhi nyingi hata kama mvua hainyeshi.

Adui wa pili ni kivuli. Tawi moja la mgunga likikata kona ya paneli linaweza kuua sehemu kubwa ya umeme wake, si ile kona tu. Dumu lililosimama kwenye keria linafanya vivyo hivyo. Vumbi futa kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji.

Hatua ya 7: Invata, na kupika

Invata hugeuza volti 12 za betri kuwa umeme kama wa nyumbani. Birika la wati 2,000 kwenye betri ya volti 12 linavuta zaidi ya ampea 165. Pikeni kwa gesi. Simu, kamera na laptopu chaji moja kwa moja kutoka volti 12 au USB. Invata kubwa ikikaa wazi bila kazi inaweza kula wati 10, ambazo kwa siku nzima ni Wh 240, karibu nusu ya friji. Washa, tumia, zima.

Hatua ya 8: Soma betri asubuhi

Pima kabla jua halijagusa paneli, vitu vikiwa vimezimwa kwa muda. Betri ya risasi: 12.7 imejaa, 12.4 robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo. Kwa lithiamu volti hazisemi ukweli, zinakaa karibu palepale hadi mwisho ndipo zinaanguka ghafla. Hapo funga mita yenye shanti inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Pasua, Moshi: Mkuu, mimi nina betri moja tu, N70 ya gari. Nataka kulala Ziwa Chala usiku mmoja na friji. Gari litawaka asubuhi?

Jibu: Inawezekana likawaka, kwani usiku wa baridi friji inaweza kula Ah 15 hadi 20. Lakini betri ya stata imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, haipendi kunyonywa usiku kucha. Weka ulinzi wa betri uliomo kwenye friji kwenye kiwango cha juu ili ijizime mapema, au izime saa nne usiku na uifunike blanketi ikishazimwa. Ibaki imefungwa, asubuhi vitu bado ni baridi. Na beba waya za kubusti.

Mdau wa Usa River: Nina altaneta ya zamani ya ampea 80. Nikifunga lithiamu kwa rilei tu kuna shida gani?

Jibu: Lithiamu inapokea kila inachopewa, haina breki kama ya risasi. Altaneta itafanya kazi kwa nguvu zote muda mrefu na inaweza kuungua, hasa mkienda polepole ambapo hewa ya kuipoza ni ndogo. Chaja ya ampea 30 inaiwekea kikomo.

Dada wa Njiro: Shikamoo mwalimu. Mama yetu anatumia insulini na tunataka kwenda naye Tarangire siku tatu. Je, friji ya gari ni salama?

Jibu: Marahaba dada. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, na isigande kabisa. Ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Friji hizi hugandisha chini na kwenye kuta zake wakati skrini inaonyesha nyuzi 4. Kwa hiyo iweke juu, ndani ya kiboksi, imeviringishwa kitaulo, na kipimajoto kidogo pembeni yake, mjaribu nyumbani usiku mzima kabla ya safari. Ile inayotumika sasa mara nyingi hukaa nje ya friji kwa muda, lakini siku na kiwango cha joto hutofautiana kwa kila aina. Someni karatasi ya dawa au muulizeni mfamasia wake. Bebeni pia kikasha cha kupoza kisichotumia umeme. Dawa ya mama isitegemee waya mmoja.

Mdau wa Sakina: Paneli ya kukunja au ya paani?

Jibu: Ya paani inachaji bila wewe kukumbuka, ila gari lazima likae juani, na friji inateseka. Ya kukunja inaruhusu gari likae kivulini na paneli iwe mita kumi mbele, kwa waya mnene. Kama uwezo upo, wati 150 juu na 100 ya kukunja. Jioni iingize ndani: fisi hutafuna chochote, na nyani wana mikono.

Mdau wa Ngaramtoni: Tuko kambini, mawingu siku mbili, asubuhi nimesoma 11.9 na tuna usiku mmoja bado. Nizime nini kwanza?

Jibu: Invata kwanza. Kisha laptopu na kamera zisubiri mkiwa mnaendesha. Friji ipandishe hadi nyuzi 8, pikeni nyama yote leo mchana, kisha izimeni kabisa kuanzia jua likizama. Taa acheni, zinakula kidogo na watoto wanahitaji kuona njia ya chooni. Mkiwa na mizunguko miwili mifupi leo, unganisheni uwe mmoja mrefu wa saa tatu bila kuzima sana. Jioni gari likishapoa, pima tena: ikiwa 12.2 au zaidi, hapo tu friji inaweza kuwashwa tena kwa muda wa saa mbili kabla ya kulala.