Somo: Vifaa vya kujiundia saa ya GPS kwa bei nafuu

Wakuu, tangu nirushe picha ya kile kiboksi kilichoko juu ya bati hapa Kirumba, Mwanza, wengi wameniuliza ni cha nini. Ni saa. Haina mishale wala namba, ila kila sekunde inatoa mpigo mmoja wa umeme unaofuata saa za atomiki zilizomo kwenye setilaiti, kilomita 20,200 juu yetu. Kompyuta za ofisi ninayoihudumia zinajirekebisha kwa mpigo huo, hata intaneti ikipotea wiki nzima. Picha za kamera na risiti za mauzo sasa zinaonyesha saa ileile.

Wengi wanamalizia pesa kwenye moduli, yaani kile kipande kinachopokea mawimbi ya setilaiti, halafu antena inaishia dirishani. Fanyeni kinyume.

Hatua ya 1: Unataka usahihi wa kiasi gani?

Kama shida yako ni kompyuta zikubaliane, moduli ya kawaida kama NEO-6M inakutosha na chenji inabaki. Mtengenezaji anaahidi mpigo wenye kosa la nanosekunde 30 hivi (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), muda ambao mwanga unatembea mita 9. Kompyuta yako haitaona tofauti hiyo.

Moduli za saa hasa, mfano NEO-M8T, zina ujanja mmoja. Zinapima mahali zilipo kwa saa kadhaa, kisha zinashika kwamba hazisogei. Baada ya hapo setilaiti moja tu inatosha kutoa saa, wakati ya kawaida inataka nne. Kwa mtu wa Mabatini au Bugarika, ambaye nyumba imebanwa na mawe na anga lake ni kipande tu, hapo naweza kumshauri aongeze pesa. Wengine acheni.

Hatua ya 2: Moduli, na pini ya mpigo

Hapa ndipo nilipopigwa. Niliagiza moduli ya bei poa, ikaja na pini nne: umeme, hasi, kupokea na kutuma. Mpigo hakuna! Nikasema si neno, nitasoma saa kwenye maandishi yanayotoka kila sekunde. Saa ikawa inayumba kama mtumbwi.

Sababu ni hii. Maandishi yanatoka kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, yaani kila herufi inakula karibu milisekunde moja (sehemu moja ya elfu ya sekunde). Mstari wa herufi 70 umeshachelewa milisekunde 70, na mistari haitoki kwa wakati uleule kila mara. Maandishi yanakwambia ni sekunde ipi; mpigo ndio unaokwambia imeanza lini. Vyote viwili vinahitajika.

Niliponea kwenye taa. Kwenye bodi nyingi za NEO-6M, ile taa inayopepesa inaendeshwa na mpigo wenyewe, kutoka mguu wa 3 wa chipu. Nikalehemu waya mwembamba kwenye rezista ya taa, upande wa chipu, nikapata nilichotaka. Ila mkono usitetemeke. Ni rahisi zaidi kununua bodi yenye pini iliyoandikwa PPS, yaani mpigo wa kila sekunde.

Hatua ya 3: Antena na waya wake

Kile kigae kidogo kinachokuja na moduli ni cha majaribio. Nunua antena yenye kikuza mawimbi ndani, ya volti 3 hadi 5, yenye sumaku chini. Ibandike juu ya bati la chuma: bati linakuwa sakafu ya chuma chini yake, na hilo linaisaidia kunasa mawimbi. Bati la alumini halishiki sumaku, tumia gundi.

Iwe mbali na ukuta na mwamba, maana mawimbi yanayodunda yanafika yamechelewa. Walio Capri Point wajue kuwa hata ziwa linadundisha. Mwambie kipokezi kipuuze setilaiti zilizo chini ya nyuzi 15 kutoka upeo wa macho.

Waya mwembamba wa RG-174 unakula zaidi ya desibeli 10 kwa mita 10, yaani nguvu ya mawimbi inayobaki haifiki sehemu moja ya kumi. Kwa safari ndefu mimi natumia waya wa dishi, RG-6, unaopatikana kila duka la vifaa vya TV. Ndiyo, ukinzani wake ni omu 75 na moduli inataka 50, lakini hasara ya hapo ni ndogo kuliko ya waya mwembamba. Unachelewesha kama nanosekunde 4 kwa kila mita.

Hatua ya 4: Kompyuta ndogo

Raspberry Pi yoyote, ile kompyuta ya bodi moja. Mpigo uingie pini ya GPIO, yaani pini zake za kuunganishia vifaa, usipitie USB, maana USB inakurudisha kwenye makosa ya milisekunde. Programu ni gpsd, inayosoma moduli, na chrony, inayorekebisha saa ya kompyuta. Hakikisha mpigo ni wa volti 3.3, volti 5 inaua pini.

Hatua ya 5: Setilaiti zikipotea

Hapo kompyuta inategemea kristali yake ya kuhesabu muda, na ya kawaida inaweza kuteleza sekunde 1.7 kwa siku. Chipu ya saa ya DS3231 haizidi sekunde 0.2 hivi. Inatosha.

MASWALI

Swali: Mkuu, nikiwasha inakuwa mbele kwa sekunde tatu, baadaye inajirekebisha. Ni mbovu?
Jibu: Nzima. Saa ya GPS yenyewe iko mbele ya saa ya dunia (UTC) kwa sekunde 18 tangu 2017. Moduli ya zamani inaanza na tofauti ya enzi zake, mpaka ipokee mpya. Ujumbe kamili wa setilaiti unachukua dakika 12 na nusu. Isubiri.

Swali: Inaonyesha 06:00 na hapa ni saa tatu asubuhi.
Jibu: Hiyo ni saa ya dunia. Ongeza saa tatu upate 9:00 ya Afrika Mashariki, nayo kwetu ndiyo saa tatu. Umenichekesha lakini usijali, hata mimi nilijichanganya.

Swali: Jioni, hasa mwezi wa tatu, setilaiti zinapotea ghafla. Antena?
Jibu: Huenda si antena. Huku karibu na ikweta tabaka la juu la anga huchafuka baada ya jua kuzama, zaidi Machi na Septemba. Ndiyo maana ya hatua ya 5.

Swali: Kaka, na radi?
Jibu: Ziwa hili hupiga radi usiku wa manane, na hutapanda darini kuchomoa waya. Weka kizuizi cha radi pale waya unapoingia ndani, kile kinachopitisha umeme mdogo wa antena, na ukiunganishe na nondo iliyozama ardhini. Radi ikipiga bati lenyewe moja kwa moja, nunua antena nyingine.