Uhalisia: namna ya kujua ni upi unaozungumzwa

Juzi nilikaa barazani Wete na mpwa wangu. Ana insha ya skuli juu ya uhalisia (kwa Kiingereza *realism*), neno linalotumika katika uchoraji, fasihi na falsafa kwa maana mbalimbali, na kila kitabu alichokifungua kilimwambia jingine. Nilimwelekeza hivi.

Hatua ya 1. Penseli na daftari. Simu weka ndani. Ukilitafuta neno hili kwenye simu, maana zote humiminika kwa pamoja.

Hatua ya 2. Usianze na fasili. Kila unapolikuta neno, andika pembeni: huyu anabishana na nani?

Hatua ya 3. Uchoraji. Mwaka 1849 Gustave Courbet wa Ufaransa aliwachora wavunja mawe wawili, mzee na kijana, nguo zimechanika, nyuso hazionekani vizuri. Alibishana na waliodhani turubai kubwa ni haki ya miungu na wafalme. Uhalisia hapa ni kuchora watu wa kawaida na maisha yao, kwa hiyo malaika aliyechorwa unyoya kwa unyoya hayumo humu, hata akifanana na picha ya kamera.

Hatua ya 4. Fasihi. Soma *Kuli* ya Shafi Adam Shafi (1979): wachukuzi wa bandari ya Unguja, mizigo na ujira wao. Hakuna jini la kuwaokoa.

Hatua ya 5. Falsafa. Hapa taratibu. Mimi niliwahi kukesha nikidhani Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na Courbet wanasema mamoja, kumbe wamepeana mgongo. Nilichomwonyesha mpwa wangu ni jamvi la karafuu uani. Tulichambua makonyo, yaani vijiti vya karafuu, tukaokota karafuu tatu: moja imevunjika kichwa, moja nyeusi, moja bado ina wekundu. Hazifanani, na zote tunaziita karafuu. Je, huo ukarafuu upo kweli, au ni jina tu? Plato anasema upo, tena nje ya jamvi, na ni halisi kuliko hizi tunazozishika. Aristotle, mwanafunzi wake, anasema upo, lakini ndani ya karafuu zenyewe. Wote wawili huitwa wahalisia. William wa Ockham, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 14, alikataa: kilichopo ni karafuu hii na ile, huo ukarafuu wa pamoja uko akilini na katika maneno tu.

Angalia lakini, falsafa ina uhalisia mwingine, na vitabu vingi huuchanganya na huo. Karafuu iliyoanguka shambani usiku, hakuna aliyeiona, ipo? Mhalisia wa namna hii anajibu ipo, ionwe isionwe. George Berkeley, mwanafalsafa aliyeshikilia kwamba kitu kuwepo ni kuonwa, naye angesema ipo, ila kwa sababu Mungu anaiona. Jibu ni moja, sababu mbali, na insha hutaka sababu. Mpe kila mmoja ukurasa wake.