Somo: Gitaa la kwanza la besi kwa mfuko mdogo

Gitaa langu la kwanza la besi nililichagua kwa macho. Lilikuwa jekundu, linang'aa, na muuzaji alipiga noti tatu hivi huku akilisifu. Nikalipa. Nyumbani ndipo nikagundua kwamba kuanzia freti ya tano (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) uzi mnene unavuma kama nyuki aliyenaswa kwenye kopo. Fundi alilishika, akafumba jicho moja, akaitazama shingo kwa urefu wake, kisha akanirudishia bila kufungua hata skrubu moja. Shingo ilikuwa imejinyonga, upande mmoja juu na mwingine chini, na kuitengeneza kungekula fedha kuliko niliyonunulia. Tangu siku hiyo, kwenye gitaa la bei ya chini mimi nanunua shingo. Hayo mengine yote yanabadilishika.

Hatua ya 1: Gawa fedha kabla hujaenda kutazama gitaa

Igawe bajeti yako mafungu kumi. Sita ya gitaa, matatu ya ampi (kikuza sauti), moja la waya, mkanda na nyuzi za akiba. Wengi humaliza yote kumi kwenye gitaa, halafu wanakaa nalo kitandani wakilipapasa bila kulisikia. Uzi mnene wa besi, ule wa E, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, nusu ya uzi mnene wa gitaa la kawaida. Sauti ya chini kiasi hicho spika ya simu haiitoi kabisa. Kwa hiyo hata zile video za kulinganisha magitaa, ukizisikiliza kwa simu bila hedifoni, unasikia mifupa tu, nyama imebaki huko.

Fungu la ampi likiwa dogo, tafuta kile kiampi cha hedifoni kinachochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la gitaa. Kwa miezi ya mwanzo kinatosha, na majirani wataendelea kukusalimia. Tyuna, kifaa cha kuweka nyuzi kwenye sauti sahihi, usinunue, programu ya bure ya simu inafanya kazi hiyo. Ikishindwa kuusoma uzi wa E, uguse kidogo tu juu ya chuma cha freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, uinue kidole. Itatoka sauti nyembamba inayosomeka.

Hatua ya 2: Nyuzi nne, umbo la kawaida

Kuanzia ule mnene, zinaitwa E, A, D, G. Usianze na tano wala sita. Urefu wa kawaida wa uzi, kutoka kwenye kizingiti cha juu (nyuzi zinapopita karibu na kichwa) hadi darajani (zinapofungwa kwenye bodi), ni inchi 34, na nyuzi za kubadilisha za urefu huo ndizo rahisi kupatikana.

Magitaa mengi ya besi ya bei nafuu ni wajukuu wa mababu wawili wa kampuni ya Fender: Precision ya mwaka 1951 na Jazz ya mwaka 1960. La kwanza huwa na pikapu moja iliyokatwa vipande viwili (si gari, ni sumaku yenye waya inayonasa mtetemo wa nyuzi), sauti nzito isiyo na mambo mengi, na shingo pana kidogo. La pili lina pikapu mbili na shingo inayokuwa nyembamba kwa juu, kama milimita 38 kwenye kizingiti. Mwenye vidole vifupi hulifurahia zaidi. Yapo pia yanayochanganya pikapu za aina zote mbili. Hakuna la dhambi hapo. Mimi ningemshauri mwanafunzi achague linalomkaa mkononi, kwa sababu sikio lake bado halijajua linataka nini.

Kwa majina, Squier (ndilo jina la Fender kwa vyombo vyake vya bei ya chini), Yamaha na Ibanez wote wana besi za wanaoanza zinazoaminika. Lakini jina halikuepushi na hatua inayofuata, maana hata kwenye kundi moja la kiwandani gitaa hili na lile hutofautiana.

Hatua ya 3: Ikague shingo

Hapa usione haya, na usikubali kuharakishwa. Nyuzi nne zikikazwa huivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, usiku na mchana. Ndani yake kuna chuma kirefu, trasi rodi, kinachoshindana na mvuto huo. Tunachotaka kujua ni nani anashinda.

Kwanza, shika gitaa kama mtu anayelenga bunduki, ukitazama kutoka kwenye bodi kuelekea kichwani. Kingo mbili za shingo ziende sambamba. Ukiona moja inapanda huku nyingine inashuka, hilo ndilo jekundu langu. Lirudishe, uage.

Pili, kandamiza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na wakati huohuo kwenye freti ya mwisho. Uzi sasa umekuwa rula. Tazama karibu na freti ya saba au ya nane: panatakiwa pawe na upenyo mdogo, unene wa kadi ya karatasi hivi. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, shingo imebinuka kwa nyuma. Upenyo ukipitisha sarafu, imejikunja mbele. Yote mawili kwa kawaida hurekebishwa kwa kuzungusha trasi rodi, kwa hiyo usilikimbie gitaa bado. Muombe muuzaji aizungushe robo mzunguko mbele yako. Akikataa, au nati ya trasi rodi imekwama au imelika, hapo sasa kimbia.

Tatu, piga kila freti kwenye kila uzi, polepole. Nyuzi 4 mara freti 20 ni noti 80, dakika tano tu. Noti inayokufa ghafla au inayotoa sauti sawa na ya freti iliyo mbele yake inaonyesha freti iliyoinuka.

Nne, linganisha ile sauti nyembamba ya freti ya 12 na noti ya kukandamiza hapohapo. Zikipishana kidogo, vile vipande vya darajani vinavyobeba nyuzi vinasogezwa kwa bisibisi. Zikipishana sana na vipande vimeshafika mwisho wa njia yake, daraja limefungwa mahali si pake.

Mwisho pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Ncha za freti zikikukwaruza, mbao imekauka na kunywea. Zinapigwa tupa, ila ni sababu nzuri ya kuomba bei ishuke.

Hatua ya 4: Umeme

Haraka tu. Chomeka, zungusha kila nobu, tikisa waya tunduni. Mikwaruzo ya nobu huondoka kwa dawa ya kusafishia, na tundu legevu hulehemewa. Pikapu isiyotoa sauti kabisa ni gharama. Kama kuna betri ndani (mara nyingi ya volti 9), kumbuka kuchomoa waya kila ukimaliza kupiga, kwa sababu ukiuacha umechomekwa betri inaendelea kuliwa usiku kucha.

Hatua ya 5: Livae

Liweke mkandani, simama, uachie mikono yote miwili. Kichwa kikianguka kuelekea sakafuni, mkono wako wa kushoto utakuwa unabeba gitaa badala ya kupiga noti. Mkanda mpana wenye mgongo wa kukwaruza husaidia kiasi. Kilo nne hivi ni uzito wa kawaida, ila zinahisika baada ya nusu saa, si dukani.

Hatua ya 6: Jipya au lililotumika?

Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndivyo wahenga walivyosema, nao hawakuwa hata na magitaa. Lililotumika likifaulu hatua ya 3, mimi ningelichukua hilo. Shingo iliyokaa miaka kumi bila kupinda imeshakufanyia majaribio bure. Lakini kagua pale kichwa kinapoungana na shingo. Ufa hapo, hata mwembamba kama unywele, ni wa kuogopa, na rangi iliyopakwa upya sehemu hiyo peke yake pia.

Maswali ya wanafunzi

Mwalimu, shikamoo. Je, lazima nijue gitaa la kawaida kwanza?
Marahaba. Hapana.

Nina ampi ya gitaa la kawaida nyumbani. Naweza kuitumia?
Kwa sauti ya chini, ndiyo. Ukiipandisha, spika yake itasukumwa kuliko ilivyotengenezewa, na ukisikia inapwaya au kukohoa shusha mara moja. Tahadhari ni hiyohiyo kwa redio kubwa ya sebuleni, hasa kama ni ya mzee.

Kaka, mikono yangu ni midogo sana. Inchi 34 naona kama kupanda ngazi.
Dada, kuna besi fupi za inchi 30, kwa mfano Squier Bronco. Freti zinakaribiana na nyuzi ni laini zaidi. Si za watoto, wapigaji wakubwa wamerekodi nazo. Ila hakikisha nyuzi unazonunua ni za urefu huo. Kabla ya hapo, jaribu refu huku umeketi, dole gumba likae nyuma ya shingo katikati, lisichungulie juu. Mara nyingi tatizo huwa hilo gumba.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Nigeuze la kulia?
Ukilipindua tu, uzi mnene unakuwa chini, nobu zinakukaa kiwikoni, na kichwa kinavutwa chini. Besi za mkono wa kushoto zipo ila chache, na za bei ya chini ni chache zaidi. Wengi wa kushoto hujifunza kwa la kulia kwa kuwa mikono yote miwili ina kazi. Azima moja wiki mbili kabla hujaamua.

Bendi yetu inataka besi ya nyuzi tano. Bado unakataza?
Kama kuna bendi inayokusubiri na nyimbo zinashuka hadi B (uzi wa tano, mnene kuliko E), nunua tano. Lakini kwa bajeti ndogo huo uzi wa B ndio huwa dhaifu, unalegea na noti haishiki umbo. Usipige nyingine yoyote dukani kabla hujaupiga huo.

Nimeshanunua, mwalimu, na linavuma. Nimechelewa?
Linavuma wapi? Kama ni freti za mwanzo tu, pengine shingo imebinuka nyuma, legeza trasi rodi robo mzunguko, tyuni upya, subiri hadi kesho, usikilize tena. Kama ni freti za juu, zile za karibu na bodi, inua vipande vya darajani kidogo kidogo. Urefu wa milimita mbili na nusu juu ya freti ya 12 unatosha wengi. Kama ni freti moja peke yake, mpelekee fundi. Na kama mvumo huo unausikia bila ampi lakini kwenye ampi hausikiki, liache gitaa lilivyo, upige.