Kuzuru Varanasi: Alfajiri Mtoni, Mchana Pembezoni, Jioni Kwenye Ngazi

Wengi wanaoondoka Varanasi wakilalamika walikwenda mahali sahihi kwa saa isiyo sahihi. Hekalu walilikuta limefungwa, mtoni walifika jua limeshawaka, kwenye ibada ya jioni waliona migongo ya watu tu. Mji huu wa kaskazini mwa India, ambao wenyeji huuita Banaras na mahujaji huuita Kashi, unataka upange saa kwanza, orodha ya vivutio baadaye. Tenga siku mbili kamili, au tatu ukitaka kufika Sarnath bila kukimbizana. Siku moja haitoshi, maana alfajiri ni moja tu na inagombaniwa na mambo mawili: mto, na hekalu la Kashi Vishwanath.

Kwanza elewa ulivyokaa mji. Mto Ganga hapa unaelekea kaskazini, na majengo yote ya zamani yako ukingo wa magharibi. Ng'ambo ni mchanga mtupu, ndiyo maana jua huchomoza mbele yako juu ya maji bila kizuizi. Ukingoni zimejipanga ghati zaidi ya 80, yaani ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, kuanzia Assi kusini hadi Adi Keshav kaskazini, mahali mto Varuna unapoingia Ganga. Ni mwendo wa kilomita 7 hivi. Varuna na kijito cha Assi ndivyo vinavyosemwa kuupa mji jina lake.

Tafuta malazi kati ya Assi na Dashashwamedh, ghati ya ibada kubwa ya jioni. Vichochoro vya mji mkongwe havipitishi gari. Bajaji itakushusha karibu na makutano ya Godowlia, kisha ni miguu yako. Begi la mgongoni linafaa zaidi kuliko sanduku la magurudumu, kwa sababu utapanda ngazi, utapishana na ng'ombe na utakanyaga kinyesi chake. Ukija kwa treni, soma vizuri jina la stesheni. Varanasi Junction, inayoitwa pia Cantt, iko mjini. Pt. Deen Dayal Upadhyaya Junction, ambayo wengi bado huiita Mughalsarai, iko ng'ambo ya mto, kilomita kama 17. Uwanja wa ndege uko Babatpur, kilomita 25 hivi.

Msimu mzuri ni Oktoba hadi Machi, ila Desemba na Januari ukungu huchelewesha treni kwa saa nyingi, basi usipange kuunganisha safari siku hiyohiyo. Kati ya Julai na Septemba mto hupanda ukameza ngazi. Hapo huwezi kutembea kutoka ghati moja hadi nyingine, na maji yakizidi mashua hupigwa marufuku.

Asubuhi ya kwanza ipe mto. Fika Assi nusu saa au zaidi kabla ya jua kuchomoza. Kuna ibada ya alfajiri iitwayo Subah-e-Banaras, yenye taa na muziki, na umati wake si wa kutisha. Kisha panda mashua. Kabla hujaweka mguu ndani, patana mambo manne: bei ni ya mashua nzima au ya kila kichwa, ni ya muda gani, mtageukia wapi, na ni ya makasia au ya injini. Jambo la kwanza ndilo linalowaumiza wengi. Bei iliyotajwa ukingoni kama ya chombo kizima, mkifika hugeuka kuwa ya kila abiria. Irudie kwa sauti mbele ya mwenye mashua na uhesabu watu kwa vidole. Mwite "bhaiya", yaani kaka, au msalimie kwa "Mahadev" kama wenyeji wanavyosalimiana; mazungumzo hulainika.

Ukitoka Assi kwenda ghati ya Manikarnika, upande wa kaskazini, unafuata mkondo. Kurudi ni kupigana nao, na mpiga makasia atachoka au ataongeza bei. Afadhali upatane safari ya kwenda tu, ushuke upande wa kaskazini, urudi polepole kwa miguu juu ya ngazi. Utaona kila kitu mara mbili: kwa mbali, kisha kwa karibu.

Njiani utapita Tulsi Ghat, ambako mshairi Tulsidas aliishi hadi kufa kwake mwaka 1623; ngome ya Chet Singh, mtawala aliyepambana na gavana Mwingereza Warren Hastings mwaka 1781; na Kedar Ghat yenye hekalu la mistari myekundu na myeupe. Man Mandir Ghat ina jumba ambalo juu ya paa lake Jai Singh wa Pili wa Jaipur aliweka vyombo vya kupimia nyota. Karibu na Manikarnika tazama Ratneshwar, hekalu lililoinama waziwazi. Msingi wake umezama, na mafuriko hujaza matope chumba chake cha ndani. Mbele zaidi, juu ya Panchganga Ghat, umesimama msikiti wa Alamgir, uliojengwa enzi za Aurangzeb, mfalme Mwislamu wa dola ya Mughal, mahali palipokuwa na hekalu la mungu Vishnu. Ngazi za hapo ni ndefu na zimesimama wima, basi zipande kabla jua halijakolea.

Manikarnika na Harishchandra ni ghati za kuchomea maiti. Hapa hakuna tamasha, kuna wafiwa. Weka simu mfukoni hata ukiwa kwenye mashua. Vichochoroni ukisikia sauti za wanaume wakiitikiana "Ram naam satya hai", yaani jina la Ram ni kweli, egemea ukutani upishe: jeneza la mianzi linapita mabegani, maiti imefunikwa kitambaa cha kung'aa na maua, na wabebaji hawapunguzi mwendo. Dalali atakufuata, atakueleza mambo kwa upole, atakupandisha kwenye jengo "la wazee wanaosubiri kufa", kisha atadai mchango wa kuni, akitaja bei ya kilo moja kisha kilo nyingi. Usiingie jengo lolote na usimpe mtu pesa. Ukitaka kutazama, simama mbali na juu, dakika chache, kimya.

Asubuhi ya pili ni ya Kashi Vishwanath, mojawapo ya jyotirlinga 12, yaani mahekalu matakatifu zaidi ya mungu Shiva. Jengo la sasa lilijengwa na malkia Ahilyabai Holkar wa Indore mwaka 1780, baada ya lile la awali kubomolewa kwa amri ya Aurangzeb mwaka 1669. Msikiti wa Gyanvapi uko palepale jirani. Dhahabu ya mnara ilitolewa na Maharaja Ranjit Singh, mtawala wa Punjab. Ua mpana unaounganisha hekalu na mto ulizinduliwa Desemba 2021, na ukitokea mtoni ndipo utakapoelewa ukubwa wake.

Ulinzi ni mkali. Simu, kamera, saa janja, betri ya kuchajia, begi, hata kalamu vinaweza kukurudisha nyuma, basi njoo na pesa kidogo na pasipoti halisi. Nakala au picha yake inaweza kukataliwa. Asiye Mhindu anaweza kuulizwa nia yake. Jibu kwa adabu, na polisi wakikataa usibishane. Wenye maduka ya njiani watakuita uweke viatu na simu bure kwenye makabati yao. Bure hiyo ina kikapu cha maua na maziwa utakachotakiwa kununua, hivyo uliza bei ya kikapu kabla ya kuvua kiatu. Foleni ya kulipia ipo rasmi, inaitwa Sugam Darshan, na hukatiwa tiketi kwenye tovuti au kaunta ya hekalu. Anayekuuzia "VIP" barabarani ni mpiga debe.

Ndani sakafu imelowa maji na maziwa, inateleza. Wengi hutarajia sanamu kubwa. Utakachokiona ni jiwe jeusi, dogo, alama ya Shiva, limekaa ndani ya karo ya fedha iliyo chini, na utapata sekunde chache kabla ya kusukumwa mbele. Angalia chini mapema, la sivyo utapita ukiwa unatazama dari. Epuka Jumatatu, mwezi wa Shravan (Julai hadi Agosti) na sikukuu ya Maha Shivaratri: ni nyakati za Shiva, na umati hufurika. Ukikata tiketi ya Mangala Aarti, ibada ya kabla ya alfajiri, kumbuka kwamba "3:00 AM" ni saa 9 usiku; kuna wanaoisoma vibaya wakaikosa.

Mchana mahekalu mengi ya mjini hufungwa kwa saa kadhaa na mawe huunguza nyayo. Huo ndio muda wa pembezoni. Sarnath, alikohubiri Buddha kwa mara ya kwanza, iko kilomita kama 10 kwa bajaji. Anza na jumba la makumbusho, ambalo hufungwa Ijumaa: humo kuna kichwa cha nguzo ya mfalme wa kale Ashoka chenye simba wanne, ndicho nembo ya taifa la India. Vipande vya nguzo yenyewe vimebaki uwanjani, karibu na stupa ya Dhamek, mnara mnene wa kumbukumbu wa Wabuddha. Upande wa kusini, ndani ya Chuo Kikuu cha Banaras, kuna hekalu jipya la Vishwanath linalopokea kila mtu wa kila dini. Asiyewahi kuingia hekaluni ajifunzie huko.

Alasiri pitia hekalu jekundu la mungu wa kike Durga na jirani yake Tulsi Manas la marumaru nyeupe, la mwaka 1964, lenye beti za Ramcharitmanas, utenzi wa Tulsidas, zilizochongwa ukutani. Sankat Mochan, hekalu la Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani, lina nyani wengi. Vua miwani, na boksi la laddu, vitamu vya duara, lifiche kabisa, maana wanalijua kwa umbo. Hekalu la Bharat Mata, yaani Mama India, lililofunguliwa na Gandhi mwaka 1936, lina ramani ya India ya marumaru badala ya sanamu. Liko karibu na stesheni ya Cantt, kwa hiyo liache kwa siku ya kuondoka.

Ibada ya Ganga kule Dashashwamedh huanza jua likishazama, na huchukua kama dakika 45. Fika saa nzima kabla. Ukikaa kwenye ngazi utawaona makuhani ubavuni, pamoja na moshi wa uvumba na joto la taa. Ukikaa kwenye mashua utawaona uso kwa uso, ila mashua hubanana na wachuuzi huruka kutoka moja hadi nyingine wakiuza taa za jani. Kwenye mashua keti ukingo wa mbele. Atakayekuchora paji la uso au kukufunga uzi mkononi atadai pesa, basi rudisha mkono mapema. Ikiisha usikimbilie Godowlia na umati: kaa dakika 20, au tembea kando ya maji kuelekea Assi, ambako bajaji utazipata bila kusukumana.