Kupiga kambi Ziwa Nakuru: maji, nyani na saa za geti

Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru iko kilomita 160 hivi kutoka Nairobi. Ndani hakuna ruhusa ya kuzurura kwa miguu, kwa hiyo mipango huanza na gari. Barabara nyingi ni za udongo: Machi hadi Mei gari dogo hukwama, na Agosti nayo ina mvua zake. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuaminika.

Lipa mapema kwa eCitizen, mfumo wa serikali ya Kenya wa kulipia huduma mtandaoni, kwani getini hawapokei pesa taslimu. Tiketi ya kuingia huhesabiwa saa 24 na ada ya kambi ni kando, kwa hiyo anayelala usiku mmoja aingie mchana, si alfajiri. Lakini asichelewe: geti hufungwa saa kumi na mbili jioni. Kambi ya umma ya Makalia, karibu na maporomoko, iko mwisho wa kusini, na ziwa limefurika tangu miaka ya 2010 likameza barabara ambazo ramani za zamani bado zinazionyesha. Jipe saa moja na nusu kutoka geti kuu, hema liwe limesimama kufikia saa kumi na moja. Kambi maalumu hupewa kundi moja tu, ila utakuta uwanja mtupu.

Maji ya ziwa ni ya magadi. Hayanyweki wala hayafai kupikia. Bebeni lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Watu 4 kwa siku mbili na nusu ni lita 50, yaani mitungi 3 ya lita 20. Ziada ioshe vyombo. Msitegemee katoni za maji ya chupa: plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya tangu Juni 2020.

Pikeni kwa gesi. Kuni za hifadhini haziokotwi. Unga wa kilo 2 ni ugali wa milo mitatu kwa watu wanne. Nyama iliwe usiku wa kwanza, kisha maharagwe yaliyochemshwa nyumbani.

Adui mkubwa wa kambi si simba, ni nyani. Akinusa ndizi ndani ya hema hahangaiki na zipu, anachana kitambaa. Chakula chote, pamoja na dawa ya meno na sabuni, kikae ndani ya gari, vioo vikiwa juu. Mkienda kutazama vifaru, laza hema chini kabisa, ama mtarudi mkute vijiti vimevunjika. Usilisimamishe chini ya mgunga mkubwa: matawi huanguka, na nyani hulala huko juu, kinyesi chao kikikudondokea usiku kucha.

Hapa ni zaidi ya mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Baridi hupandia ardhini, hivyo godoro la povu lina faida kuliko blanketi la pili.

Kambi haina uzio. Elekeza mlango wa hema kwenye gari, hatua tatu hivi. Nyati huja kula nyasi gizani: kabla ya kutoka, mulika tochi pande zote ukitafuta macho yanayong'aa, na ukiyaona, funga zipu utumie ndoo kama choo.