Jinsi ya kuchagua mashine ya kusagia kahawa ya espreso nyumbani: ushauri kutoka Tanga

Mjomba wangu wa Ngamiani hunywa kahawa chungu barazani tangu sijazaliwa, na buni zake bado zinatwangwa kwa kinu na mchi. Siku niliyomtajia bei ya mashine niliyokuwa naitamani aliuliza, "Mjomba, kinu kimekukosea nini?"

Kinu hakina kosa. Kahawa ya dele huchemka taratibu juu ya makaa, kwa hiyo chenga na vumbi vyote hupata wasaa wa kutoa ladha. Espreso haina wasaa huo: ni sekunde 25 hadi 30, maji yakisukumwa kwa shinikizo la bar 9 kupita kwenye unga ulioshindiliwa. Penye chenga maji hukimbia, penye vumbi hukwama, na kikombe kimoja kinatoka kichachu na kichungu kwa pamoja. Ndiyo maana humwambia kila anayeniuliza atenge kwanza fedha ya mashine ya kusagia, kisha kitakachobaki anunulie mashine ya espreso. Mashine ya espreso ya kawaida ikipewa unga mzuri hutoa kinywaji kizuri. Ya kifahari ikipewa unga mbaya, haina la kufanya.

Hatua ya 1: Hesabu vikombe, itaje kahawa

Chukua karatasi. Andika vikombe unavyokunywa kwa siku ya kawaida, siyo siku ya Idi nyumba imejaa wageni. Wengi wetu ni viwili alfajiri na kimoja baada ya Alasiri. Kisha andika kahawa yenyewe: iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, au arabika ya Lushoto au Mbinga iliyokaangwa kidogo? Majibu haya mawili ndiyo yatakayochagua mashine.

Hatua ya 2: Chagua umbo la meno

Hapa ndipo pesa yako inapoamuliwa, kwa hiyo tukae kidogo. Ndani ya kila mashine nzuri kuna vyuma viwili vyenye makali, mafundi tunaviita meno. Kuna meno ya pia: chuma chenye umbo la pia, ile wanayochezea watoto, kinazunguka ndani ya pete. Na kuna meno bapa: sahani mbili zinazotazamana, moja imetulia, nyingine inazunguka.

Meno ya pia hutoa unga wenye chembe za ukubwa unaotofautiana zaidi, pamoja na vumbi la kutosha. Vumbi hilo huipa espreso uzito mdomoni, ile hali ya kinywaji kukaa juu ya ulimi. Kwa kahawa nyeusi, na kwa mtu aliyelelewa na kahawa chungu, nayapenda kuliko bapa. Mfano ni Niche Zero ya Uingereza, yenye meno ya pia ya milimita 63 yanayozunguka polepole, kama mara 330 kwa dakika.

Meno bapa, hasa makubwa na yaliyokaa sambamba, hutenganisha ladha. Ukiwa na Lushoto iliyokaangwa kidogo utaonja tunda na maua kila kimoja mahali pake, lakini uzito utapungua. Eureka Mignon Specialita ya Italia ina bapa za milimita 55, Mahlkönig X54 milimita 54, na Lagom P64 milimita 64 pamoja na uwezo wa kubadili mwendo wa mota. Kipimo cha 64 kina faida yake: meno ya aina nyingi hutengenezwa kwa ukubwa huo, hivyo kesho unaweza kubadili ladha bila kubadili mashine.

Kama vikombe ni viwili tu na mkono unao, za kuzungusha kwa mkono kama Kinu M47 zinasaga sawasawa kabisa. Dozi moja, yaani buni za kutoa espreso mara moja, ni dakika moja hivi ya kazi. Ukiamua hivyo, hatua ya 4 iruke.

Hatua ya 3: Hopa au kupima?

Hopa ni chombo cha buni kilicho juu ya mashine. Mashine za hopa hukaa na robo kilo ya buni humo, ukibonyeza inasaga. Mgahawani ni sawa, kwa sababu buni zinaisha mchana huohuo. Nyumbani kwetu pwani nazikataa. Hewa ya Tanga ina unyevu mwaka mzima, masika ndiyo usiseme, na buni zilizokaa kwenye hopa siku nne zinapoteza harufu. Bora ile ya kupima dozi kwa mizani, ukasaga hiyohiyo, na buni zilizobaki zikae kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Uliza pia mabaki: unga unaobaki tumboni mwa mashine na kutoka kesho yake ukiwa umechacha. Kwenye espreso nataka usizidi nusu gramu.

Hatua ya 4: Soma kibandiko cha umeme

Nililipia somo hili. Niliagiza mashine kutoka nje, muuzaji akanihakikishia "inafaa kwenu". Ilikuwa ya volti 120, na moshi ulitoka kabla ya kikombe cha kwanza. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Transfoma hushusha volti lakini haigusi hezi, kwa hiyo mota nyingi za hezi 60 zitazunguka polepole kuliko zilivyokusudiwa. Omba picha ya kibandiko cha chini ya mashine kabla ya kutuma hata senti.

Hatua ya 5: Ijaribu wiki ya kwanza

Meno mapya yana ncha kali zinazoyumbisha matokeo, basi saga kwanza kilo mbili tatu za buni za bei nafuu. Kisha pima gramu 18, saga, pima kilichotoka. Toa espreso ya gramu 36, andika sekunde. Rudia mara tatu bila kugusa kitu chochote. Sekunde zikipishana mbili au tatu, tulia. Zikipishana nane, angalia kwanza mkono wako unavyoshindilia. Ukiwa na hakika na mkono, fungua mashine.

Kwa meno bapa, chomoa waya, paka wino wa maka kwenye ukingo wa nje wa sahani, funga, kaza hadi yaguse kidogo tu, zungusha kwa mkono, fungua tena. Wino ukifutika pande zote, meno yako sambamba. Ukifutika upande mmoja, rudisha mashine dhamana ikiwa hai, au mpe fundi aweke vipande vyembamba vya foili chini ya upande usiogusa.

Unapopunguza ukubwa wa unga, fanya hivyo huku mota ikizunguka, la sivyo chembe zilizokwama zitabanwa katikati ya meno. Na usiyaoshe kwa maji hata siku moja: chuma, chumvi ya bahari na maji havikai pamoja. Brashi kavu kila Ijumaa inatosha, na mara moja kwa mwezi fungua kabisa ufute mafuta ya kahawa kwa kitambaa kikavu.