Fedha zikitoka benki bila idhini yako: namna ya kudai ukiwa Arusha au Moshi

Wateja wengi wanaokuta fedha zimehamishwa kwenye akaunti zao bila ridhaa yao hukimbilia polisi, kisha hubaki wakisubiri. Kwenda polisi na kupata namba ya RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi) ni lazima, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaushughulikia wizi wa aina hii. Hata hivyo, kesi ya jinai humtafuta mwizi, ilhali kiini cha mgogoro wako na benki ni taarifa zako zilivujia wapi, na benki ilichukua hatua gani baada ya kuarifiwa.

Kwa hiyo ipigie benki simu papo hapo uombe akaunti ifungwe kwa muda, kisha ufike tawini na barua yenye nakala mbili. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe na saa viandikwe. Nasisitiza saa kwa makusudi. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa nafaka wa soko la Kilombero ambaye laini yake ya simu ilipoteza mtandao saa tisa alasiri kwa sababu wezi walikuwa wameisajili upya kwenye kadi yao, akaipigia benki saa kumi kwa simu ya jirani, na muamala wa mwisho ukapita saa kumi na moja. Miamala ya kabla ya saa kumi itabishaniwa, lakini ule wa saa kumi na moja benki itatakiwa kueleza kwa nini iliuruhusu.

Katika barua hiyo, omba taarifa ya akaunti na kumbukumbu za kifaa kilichotumika kuingia. Kama namba ya siri uliitaja kwa mtu, sema kweli, kwani ukweli huo ukijitokeza baadaye utaharibu hata madai yako yenye msingi. Kampuni ya simu nayo iandikie ieleze lini na wapi laini yako ilisajiliwa upya, na ubonyeze *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usifute ujumbe wowote wala kuuza simu: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali ushahidi wa kielektroniki, ila mahakama hupima ulivyotunzwa.

Benki ikikataa, au ikikupa sehemu ya fedha na kutaka usaini kwamba huna dai lingine, usisaini kabla ya kumwona wakili. Lalamiko lisilotatuliwa hupelekwa Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Arusha, kwa kuambatisha ile barua iliyogongwa muhuri.

Iwapo taarifa zimevuja kutoka kwa aliyezikusanya, mlalamikie katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lalamiko hilo ni tofauti na dai la fedha, na mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Ukiamua kwenda mahakamani, hesabu muda mapema. Chini ya Sheria ya Ukomo, dai la uvunjaji wa mkataba lina miaka 6, na dai la madhara yatokanayo na uzembe lina miaka 3.